Tujaribu Tu, Tukishindwa Tutarudi: Namna ya Kutoingia Mawinguni Unaporuka kwa Macho Kutoka Dar

Kauli ninayoiogopa kuliko zote pale Terminal One, uwanja wa ndege wa Dar, ni hii: "Tujaribu tu, tukishindwa tutarudi." Nimeisikia kwa wengi, na nimeitamka mwenyewe. Ubaya wake umejificha kwenye neno "tukishindwa". Hakuna anayetaja kushindwa ni futi ngapi, ni kilomita ngapi, ni saa ngapi. Basi mtu anaruka, wingu linashuka, naye anashuka nalo kidogo kidogo, na kila mara anaona kashuka padogo tu, mpaka kioo cha mbele kinageuka cheupe kama shuka.

Haya ninayoyaandika ni kwa rubani wa ndege ndogo anayeruka kwa macho, yaani VFR, kutoka Dar kwenda Zanzibar, Mafia, Morogoro na kwingineko. Hayachukui nafasi ya mwalimu wako wala kitabu cha ndege yako. Abiria nao wana kipande chao huko chini.

Kabla ya hatua zenyewe, ondoa dhana kwamba hii ni ajali ya wanafunzi. Helikopta iliyomuua Kobe Bryant na wenzake 8 pale Calabasas, California, tarehe 26 Januari 2020, ilikuwa mikononi mwa rubani mwenye saa zaidi ya 8,000. Alimwambia mwongoza ndege kwamba anapanda. Wachunguzi wakakuta kwamba wakati huohuo helikopta ilikuwa inashuka huku ikipinda kushoto. Hakuwa anadanganya, mwili wake ndio uliomdanganya. Karibu na sisi, tarehe 10 Juni 2024, ndege iliyombeba Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, ilikwenda Mzuzu ikashindwa kutua kwa sababu ya mwonekano mbaya, ikaambiwa irudi Lilongwe. Ilianguka kwenye msitu wa Chikangawa na wote 9 walikufa. Kurudi nako kuna wakati wake.

Hatua ya 1: Soma hali ya hewa ya njia nzima, usiishie uwanjani

Dar inalaghai. Unaweza kusimama kando ya ndege yako, jua linawaka, bendera zinapepea taratibu, huku nyuma ya vilima vya Pugu na Kisarawe kumekuwa kweusi tii. Kwa hiyo usitumie macho peke yake. Pata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA: ripoti ya sasa (METAR) na utabiri wa uwanja (TAF), za unakotoka, unakokwenda, na uwanja wowote wa katikati. Kisha mpigie simu mtu aliyeko huko. Kama ni kiwanja cha porini kisicho na ripoti, mlinzi wake anaweza kukwambia kitu kimoja chenye thamani kubwa: "Mlima hauonekani leo."

Tuchukue ripoti hii, ambayo nimeitunga kwa ajili ya somo:

HTDA 140600Z 17006KT 6000 -RA SCT012 BKN018 26/24 Q1013

HTDA ni uwanja wa Julius Nyerere. Tarehe 14, saa 0600 za Zulu, yaani saa ya kimataifa (UTC). Hapa Mswahili ana njia ya mkato ambayo wenzetu hawana: toa tatu kwenye saa ya Zulu, unapata saa yetu. 0600Z ni saa 3 asubuhi, 0900Z ni saa 6 mchana, 1200Z ni saa 9 alasiri. Upepo unatoka digrii 170 kwa noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa. Mwonekano mita 6,000. Mvua nyepesi. Mawingu ya kutawanyika futi 1,200, na mawingu yaliyofunga sehemu kubwa ya anga futi 1,800. Joto 26, nyuzi za umande (joto ambalo hewa huanza kugeuka umande au wingu) 24.

Wengi wakifika hapo wanasema: kilomita 6, futi 1,800, si haba, twende. Ngoja kwanza. Nyuzi 26 na 24 zinakaribiana mno. Hewa imelowa, na ikipoa kidogo tu wingu linashuka. Halafu hizo futi 1,800 zimepimwa kutoka kwenye ardhi ya uwanja, ambao uko karibu futi 180 tu juu ya bahari. Kwa hiyo tumbo la wingu liko kwenye futi 1,980 hivi kutoka usawa wa bahari. Sasa unakwenda Morogoro. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya bahari, ambayo ni futi 1,640. Toa hesabu: kama wingu hilo limetandazika hivyo hivyo mpaka kule, limebaki futi 340 juu ya mapaa ya watu. Ukitaka kwenda nalo Dodoma, penye mita 1,100 na zaidi, itabidi uchimbe handaki.

Wingu la Dar halipandi mlima pamoja na wewe. Ardhi ndiyo inayopanda kulifuata wingu. Uluguru wenyewe, ambao kilele chake cha Kimhandu kina mita 2,630, hupokea upepo mbichi wa baharini kwenye ubavu wake wa mashariki, yaani ubavu ule ule unaokutana nao ukitokea Dar. Upepo unapanda mteremko, unapoa, unakuwa wingu. Siku ambayo Kibaha ni kweupe, Uluguru unaweza kuwa umejifunika gubigubi.

Hatua ya 2: Andika "tukishindwa" kwa tarakimu

Hii ndiyo hatua ninayoing'ang'ania, na ndiyo watu wanairuka kwa kuwa haina mtihani.

Kanuni ya kimataifa, kwenye anga linaloongozwa na chini ya futi 10,000, inakutaka uwe na mwonekano wa kilomita 5, ukae mita 1,500 mbali na wingu kwa upande na futi 1,000 kwa juu au chini. Hicho ni kiwango cha sheria, nacho hakikujui wewe. Kwa mwendo wa noti 110 unakula kilomita 5 kwa dakika moja na nusu. Yaani kile unachokiona kwa mbali kabisa, dakika moja na nusu baadaye umekigonga au umekipita. Tena ukitaka kugeuza kwa ule mpindo wa kawaida wa digrii 3 kwa sekunde, kwa noti 100, unahitaji nafasi yenye upana wa karibu kilomita 2. Mtu aliyesubiri mpaka anaona kilomita moja na nusu mbele yake, anageuzia ndani ya kitu asichokiona.

Basi jiwekee viwango vyako juu ya vile vya sheria, uviandike kwenye karatasi uifunge pajani. Vyangu kwa safari ya mchana ni hivi. Wingu lililofunga lisiwe chini ya futi 2,500 juu ya ardhi ya juu kabisa ya njia yangu. Mwonekano usipungue kilomita 8. Magurudumu yaguse chini dakika 45 kabla jua halijazama, kwa sababu magharibi yetu ni fupi. Ukiona wekundu tu, giza liko mlangoni. Na sakafu yangu ni futi 1,500 juu ya ardhi au maji: wingu likinilazimisha kushuka chini ya hapo, nageuza. Sijadili na mtu.

Ukiwa mpya, viongeze. Vikikuudhi kwa kukunyima safari, ujue vinafanya kazi.

Mafuta nayo yaandike. Sheria inataka akiba ya dakika 30 mchana. Mimi nahesabu ya kwenda, ya kurudi bila kutua, kisha ndiyo akiba. Mtu mwenye mafuta ya kwenda tu hana namna ya kugeuka, hata karatasi yake iseme nini. Ukiona uzito haukuruhusu, punguza mzigo au abiria.

Hatua ya 3: Jua mtego wa kila njia

Zanzibar ni maili 39 tu za baharini kutoka Dar, dakika ishirini na kitu. Kwa sababu ni karibu, watu wanaidharau. Mtego wake ni ukungu mwepesi wa joto juu ya maji. Hakuna wingu, hakuna mvua, ila bahari na anga vimeshonana rangi moja ya chaki, na ule mstari wa upeo haupo. Unaweza kuinamisha bawa usijue. John F. Kennedy Mdogo alikufa hivyo, usiku wa tarehe 16 Julai 1999, akivuka maji kwenda Martha's Vineyard kwa ndege ndogo aina ya Piper Saratoga, yeye, mkewe na shemeji yake. Hakukuwa na dhoruba yoyote. Mchana shika pwani uione, chagua boti au kisiwa cha kutazama. Usiku, kama hujafuzu kuruka kwa ala, yaani kwa kusoma vipimo vya ndege bila kuona nje, lala Dar.

Mafia ni takribani maili 70 za baharini. Mtego wake ni manyunyu yanayotembea kati ya delta ya Rufiji na pwani ya Mkuranga. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, yanapenda kuja alfajiri yakitokea baharini. Wakati wa vuli, Oktoba mpaka Desemba, bara ndiko kunakochemka mchana, na mawingu ya ngurumo yanasimama kama minara. Vuli, ondoka mapema urudi mapema.

Morogoro na kwingineko bara nimeshasema: ardhi inapanda.

Hatua ya 4: Angani, hesabu mara unazoshuka

Nikueleze kisa changu, maana ndicho kilichonifundisha hatua hii.

Nilikuwa natoka Mafia na Cessna 206, abiria watatu na masanduku mawili ya kamba kwenye barafu. Kulia kwangu alikaa rubani mzee aliyekuwa anaomba lifti tu ya kurudi mjini. Mwenye mzigo alikuwa ameshanipigia simu mara mbili: gari lake linasubiri, hoteli inasubiri, barafu inayeyuka. Tuliondoka kwa futi 2,500. Baada ya dakika kumi nikashuka 2,000 kupisha wingu. Kidogo tena, 1,500. Tulipokaribia kisiwa cha Kwale nilikuwa futi 900, na mbele kuelekea Kisiju kumening'inia pazia la kijivu. Kushoto niliona mikoko. Nikaiona vizuri mno. Niliona hadi mtumbwi na mtu ndani yake aliyeinua uso kututazama.

Mzee hakupaza sauti. Akasema, "Mwanangu, hii ni mara ya tatu unashuka."

Nikamjibu, "Ni manyunyu tu, mzee. Nyuma yake ni Kimbiji, kweupe."

"Umepaona?"

Sikuwa nimepaona. Nilikuwa napakumbuka, kwa sababu asubuhi nilipita hapo pakiwa peupe. Nikageuza. Tulirudi Mafia tukalala Kilindoni, na wale kamba wengine tuliwala.

Tangu siku hiyo natumia kanuni ya mara mbili. Kushuka kwa ajili ya wingu mara ya kwanza ni onyo: naangalia nyuma kama njia ya kurudi bado iko wazi. Mara ya pili nageuza, hata kama sijafika sakafu yangu. Ukijikuta unasema "nyuma yake ni kweupe" juu ya mahali usipopaona, una kumbukumbu ya asubuhi, huna taarifa.

Dalili nyingine za kuangalia: taa za magari barabarani zimewashwa mchana, moshi wa chini umelala, matone ya kwanza kioo cha mbele, na wewe mwenyewe umeacha kuongea na abiria. Hiyo ya mwisho usiidharau. Ukimya wa rubani una maana.

Ukigeuza, geuza mapema, ukiwa bado unaona ardhi pande zote, na mwambie mwongoza ndege unarudi na kwa nini.

Hatua ya 5: Ukishaingia ndani

Naomba usiihitaji hatua hii, lakini ijue kwa moyo.

Kwanza elewa kinachotokea kichwani. Ndani ya sikio kuna mirija midogo yenye majimaji ambayo huhisi mzunguko. Fanya jaribio hili leo: kaa kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka, fumba macho, mwambie mwenzako akuzungushe polepole kwa mwendo usiobadilika. Baada ya sekunde ishirini hivi utaapa kwamba umesimama. Akikusimamisha ghafla, utaapa unazungukia upande wa pili. Sikio hilohilo ndilo unaloingia nalo winguni. Ndege ikipinda taratibu, hutahisi kitu. Ukiinyoosha, unahisi umepinda, unairudisha kwenye mpindo ili "ikae sawa". Pua inashuka, kasi inapanda, unavuta usukani, mpindo unakaza kama parafujo.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasiojua kuruka kwa ala. Walipoondolewa upeo wa macho, wote 20 walipoteza udhibiti: 19 kwa mzunguko huo wa kushuka, mmoja kwa kuinua pua mpaka ndege ikakosa nguvu ya kuelea. Wastani wao ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Kwa hiyo, papo hapo:

Acha kutafuta ardhi dirishani. Macho kwenye upeo bandia, ile saa yenye bluu na kahawia. Nyoosha mabawa kwa saa hiyo, hata kama mwili mzima unakwambia umepinda. Legeza mkono, shika usukani kwa vidole viwili, maana mkono uliokaza unavuta bila wewe kujua. Kama una otopailoti, iwashe sasa.

Kama kasi inapanda na umeshapinda, punguza nguvu ya injini kwanza, nyoosha mabawa, ndipo uinue pua taratibu. Ukivuta kabla ya kunyoosha unakaza mzunguko na unaweza kuvunja ndege.

Ndege ikitulia, amua. Kama kuna milima karibu, panda kwanza ukiwa umenyooka, ufike mwinuko salama wa eneo hilo. Kama uko juu ya bahari au tambarare na nyuma ulikotoka kulikuwa kweupe, geuza. Soma dira kabla: ulikuwa unakwenda 340, unarudi 160. Inamisha bawa digrii 15, usizidishe, macho yasitoke kwenye upeo bandia. Ni dakika moja hivi. Itakuwa dakika ndefu.

Ndipo uongee. Sema wazi kwamba unaruka kwa macho na umeingia winguni, taja mwinuko na mwelekeo, omba msaada. Ukikosa masafa, tumia 121.5, masafa ya dharura, na uweke 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Nimeshuhudia watu wakinyamaza kwa kuogopa kuandikiwa barua na mamlaka. Barua inajibiwa.

Jizoeze haya na mwalimu, ukiwa umevaa kofia ya kuziba macho, kila baada ya miezi michache. Nusu saa inatosha.

Kwa abiria

Usimwambie rubani una kikao, una harusi, una ndege ya kuunganisha. Anajua. Mwulize badala yake, kabla injini haijawaka: "Kepteni, kukiharibika tunarudi au tunakwenda wapi?" Akikujibu kwa jina la uwanja, panda. Akicheka tu na kusema tutajaribu, uliza tena.

Hatua ya mwisho, ambayo inafanywa mwanzo

Panga safari mbadala kabla ya kuondoka, kwa sababu mtu mwenye mbadala anageuza mapema. Zanzibar kuna boti za mwendo kasi kutoka bandarini, kama saa mbili. Mafia kuna usafiri wa maji kutokea Nyamisati. Morogoro na Dodoma, tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, sioni tena kwa nini mtu aviziane na Uluguru kwa ajili ya mkutano. Morogoro ni chini ya saa mbili umekaa kwenye kiti.

Halafu chukua simu, mwandikie anayekusubiri ujumbe huu, usiutume, uache umehifadhiwa: "Hali ya hewa imefunga njiani, tumerudi Dar salama. Nitakupigia nikitua." Ukishageuza na kutua, hutahitaji kutafuta maneno. Unabonyeza tu.